Mume wa Anhui

Karani aliingiza namba ya kitambulisho cha Nong Caiyu, akatazama skrini, akaifuta, akaiingiza tena. Mara ya tatu aliisoma kwa sauti, tarakimu zote kumi na nane, akauliza kama namba hiyo ni yake.

"Ni yangu," Caiyu alisema.

"Basi siwezi kuwaandikisha leo. Wewe una mume."

Su Qingshui alicheka. Alikuwa amevaa shati jeupe jipya kwa ajili ya picha, na kola ilikuwa inamkaba tangu asubuhi. "Mume ndiye mimi," alisema. "Si ndiyo maana tumekuja?"

Karani hakucheka. "Dai Changgui, mkoa wa Anhui. Mliandikishwa mwezi wa nne mwaka 2012. Humjui?"

"Simjui."

"Mbona yeye anakujua? Jina lako, namba yako, kijiji ulichozaliwa huko Guangxi, vyote vinalingana." Alimtazama Caiyu usoni, kisha akashusha sauti kidogo. "Uliwahi kupoteza kitambulisho?"

Aliwahi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wakala aliyewachukua wasichana kumi na mmoja kijijini kwao kuja Fujian kufanya kazi kwenye kiwanda cha miavuli alikusanya vitambulisho vyao ili awaandikishe. Baada ya siku kumi alirudisha kumi. Chako kimepotea, alimwambia, katengeneze kingine. Naye akaenda akatengeneza kingine.

"Uliripoti kwamba kimepotea?"

"Nilitengeneza kingine."

"Kutengeneza kingine si kuripoti, dada. Cha zamani kiliendelea kufanya kazi."

Mama Su, mama yake Qingshui, alikuwa kwenye benchi nyuma yao, na mfuko wa peremende za harusi mapajani. Alikwishampa mlinzi wa mlangoni kiganja kizima, na mwanamke aliyekaa jirani naye alikuwa anamenya ya pili. Mama Su alisikia kila neno. Alikunja mdomo wa mfuko, akainuka, akasema kwa sauti ya chini kwamba twendeni nyumbani, watu wanapanga foleni.

*

Nyumba ya akina Su ilikuwa na vyumba vitatu, na cha mbele kilijaa miavuli. Kiwanda kilileta vyuma na vitambaa kwa magunia, Mama Su na Caiyu wakavishona pamoja, kitambaa kwenye ncha za chuma, ncha nane kwa kila mwavuli. Siku hiyo Mama Su alikaa kwenye kigoda chake bila hata kubadilisha nguo za kutokea, akachukua sindano.

"Mtu anaolewaje bila kujua?"

"Mama, karani ameeleza," Qingshui alisema. "Kitambulisho kiliibwa."

"Nimemsikia karani. Namuuliza yeye."

Caiyu alikaa kwenye kigoda cha pili. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitatu, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, maana walipanga kula hotelini baada ya kupata cheti. "Sijawahi kufika Anhui, mama. Sijui hata iko upande gani."

"Kama una mtoto kule, sema leo. Leo nitakasirika, kesho nitapika. Nisije tu nikaambiwa na watu sokoni."

"Sina."

"Haya." Mama Su alikata uzi kwa meno. "Umesema huna."

Kwa wiki mbili zilizofuata hakuna aliyemtukana Caiyu. Ila mayai mawili ya kuchemsha aliyokuwa akiwekewa kila asubuhi kwa ajili ya mimba yalikoma, na jirani alipopita kuuliza peremende ziko wapi, Mama Su alijibu kwamba ofisi ilikuwa na tatizo la mtandao. Baadaye Caiyu alimkuta chumbani kwao, droo imefunguliwa, ameshika pochi ya zamani ya Caiyu. "Nilikuwa natafuta mkasi," Mama Su alisema. Mkasi ulikuwa shingoni mwake, umening'inia kwa utepe.

Qingshui aliomba ruhusa kazini, wakaenda kituo cha polisi. Kijana wa zamu aliwauliza kilichoibwa ni nini.

"Jina," Caiyu alisema.

"Jina si bado unalo? Umenitajia sasa hivi." Wenzake wawili mezani walitabasamu. Aliwaambia kwamba jambo lenyewe limetendeka Anhui, na kwamba miaka kumi na moja imepita, waende huko huko lilikotendeka. Walipopiga simu ofisi ya ndoa ya Anhui, mwanamke aliyepokea alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuvunja ndoa ni rahisi, njoo na mumeo.

Kilichomwondoa Mama Su kwenye kigoda ni jibu la mwanasheria wa simu za bure. Qingshui aliweka sauti kubwa ili wote wasikie. Mwanasheria alisema mtoto atakayezaliwa na mwanamke mwenye ndoa huhesabiwa ni wa mume wake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kuthibitisha kuna safari yake.

"Mjukuu wangu aandikwe Dai?" Mama Su aliuliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Nendeni basi. Mnangoja nini? Nendeni kesho."

Kabla ya safari Caiyu alipeleka kitambulisho kutolewa nakala. Mwenye duka, mama mmoja aliyeona mengi kupitia mashine yake, alimpa kalamu kabla hajampa karatasi. "Andika juu yake, hapo hapo juu ya picha. Andika ni ya kazi gani, na tarehe, na kwamba haifai kwa kingine. Usimpe mtu nakala tupu hata siku moja."

"Sikuwahi kuambiwa."

"Nani akuambie? Wanaojua ndio wanaoziiba."

Caiyu aliandika kwenye nakala zote sita, mstari ukipita kwenye kidevu chake, herufi ndogo ndogo zilizobanana ili lisipatikane pengo la kuongeza neno.

*

Ofisi ya Anhui ilikuwa na joto, na afisa wake alikuwa mtu wa makamo aliyekunywa chai kutoka kwenye chupa ya kioo. Alitoa jalada la mwaka 2012 bila kulalamika na kulifungua mbele yao. Kulikuwa na picha yenye ukuta mwekundu nyuma. Mwanamume alikuwa amekaa wima kama mtu anayepimwa urefu. Mwanamke alikuwa na uso wa mviringo kama wa Caiyu, labda mkubwa kwake kwa miaka mitano au sita, na alikuwa amejitahidi kutabasamu.

Caiyu aliitazama muda mrefu. Njia nzima ndani ya treni alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyo, na sasa alijikuta anakagua tu, hereni zake, kola ya blauzi yake, nywele zilizobanwa kwa maji. Chini ya picha kulikuwa na sahihi. Herufi moja ya jina ilikuwa imekosewa, ikakatwa, ikaandikwa upya.

"Amekosea kuandika jina lake mwenyewe," Qingshui alisema, "na mkamwandikisha?"

"Aliyemwandikisha amestaafu," afisa alisema. Alikunywa chai. "Sikilizeni, nisiwazungushe. Huyu wa pichani siye huyu aliyekaa hapa, hata mimi naona. Lakini jicho langu si ushahidi. Dai Changgui aje aandike kwa mkono wake kwamba mwanamke aliyemuoa si Nong Caiyu. Akiandika, naifuta ndoa, na itakuwa kama haikuwahi kuwapo. Akikataa, mahakamani. Na mahakama ya hapa, tumbo hilo litakuwa limeshazaa."

"Na kuachana?"

"Hiyo ni mwezi mmoja. Mnaomba wote wawili, mnangoja siku thelathini, mnarudi, mnachukua cheti. Ila ukiachika, ina maana uliolewa."

*

Dai Changgui walimkuta uani anapukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka kuliko picha yake kwa zaidi ya miaka kumi na moja. Qingshui alimsalimia kwa kumwita kaka mkubwa, akaeleza wametoka wapi. Dai alienda kwenye pipa akanawa mikono, akaifuta kwenye suruali, ndipo akakipokea kitambulisho cha Caiyu. Akakisoma kwa kusogeza midomo.

"Kwa hiyo ndiye wewe," alisema.

"Ndiye mimi."

"Nilikuwa namwita, Caiyu, Caiyu, hageuki. Nikadhani ana tatizo la masikio. Mama yangu akiwa hai akaniambia nimpeleke hospitali." Alirudisha kitambulisho kwa mikono miwili. "Baada ya kuondoka ndipo nikaelewa kwamba hakuwa amelizoea jina."

Aliwapa vigoda. Mwanamke yule, alisema, aliletwa na mshenga kutoka kusini, na ukoo mzima ulikopa kumlipa mshenga huyo. Aliishi pale mwaka mmoja na miezi minne. Hakuwa mtu mbaya. Alipika vizuri, pilipili nyingi. Siku moja alikwenda mjini kununua maziwa ya mtoto, na mtoto alikuwa na miezi mitano.

"Kuna mtoto," Caiyu alisema.

"Msichana. Manli. Yuko darasa la nne."

Qingshui alieleza walichokuja kuomba. Dai alisikiliza huku akiokota punje za mahindi zilizoruka mbali na kuzirudisha kwenye fungu, moja moja. Qingshui alipomaliza, Dai akasema, "Kuachana nakubali. Hata kesho nakwenda. Kuandika hiyo nyingine, hapana."

"Kaka, kuachana kunamharibia yeye jina."

"Mimi ninayemwangalia ni mtoto." Aliingia ndani akarudi na kitabu cha familia kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alifungua ukurasa wa Manli. Mbele ya neno mama kulikuwa na jina la Nong Caiyu, limepigwa chapa vizuri. "Shuleni wanamcheka kwamba mama yake alikimbia. Sawa, alikimbia. Lakini alikimbia mtu mwenye jina. Mkifuta, atakuwa amezaliwa na nani?"

Qingshui alimgeukia Caiyu, akazungumza naye taratibu kama mtu anayebembeleza mgonjwa. "Mwezi mmoja tu, Caiyu. Mtoto wetu atazaliwa salama. Mama nitazungumza naye mimi."

"Utamwambia nini? Kwamba nimeachika, na nina binti wa miaka kumi?"

"Kwenye karatasi tu."

"Akiugua huyo binti, watamtafuta nani kwenye karatasi? Huyu kaka akifa, watamletea nani?" Caiyu alisimama. Akakunja mikono kifuani. "Kaka Dai, pole kwa yaliyokupata. Lakini mimi sikuletwa na mshenga. Polisi wakiniuliza ilikuwaje, nitawaambia ulimlipa nani na kwa ajili ya nini. Nitawaambia vilevile ulivyonisimulia."

Dai alimtazama. Shingo yake ilipanda wekundu polepole. "Kununua mtu," alisema. "Ndicho unachotaka kusema."

"Sijasema. Nitasema nikiulizwa."

Qingshui alitazama chini. Alikuwa hajawahi kumsikia akizungumza hivyo, na alishukuru kwamba hakuwa yeye anayeambiwa.

Manli aliingia wakati huo huo, begi mgongoni. Alikuwa mwembamba, nywele zimekatwa fupi na mtu asiyejua kukata nywele. Aliona wageni, akaona kitabu cha familia wazi mapajani mwa baba yake, na bila kuambiwa akaleta vikombe vitatu vya maji ya moto. Kikombe cha Caiyu alikiweka mwisho. Kitambulisho kilikuwa bado mkononi mwa Caiyu, na mtoto alijua kusoma.

"Shangazi, unaitwa Nong Caiyu?"

"Wamefanana majina," Dai alisema haraka. "Nenda kafanye kazi ya shule."

Manli hakwenda. Alimtazama Caiyu usoni, pua, kisha mdomo, kisha masikio, akichukua muda kwenye kila kimoja. Kisha akajishika sikio lake mwenyewe. Alipomaliza akasema, "Mnywe maji, yatapoa," akaingia ndani.

*

Dai alikuja ofisini kesho yake asubuhi akiwa amevaa koti lake la kuendea harusi za watu. Aliandika taratibu, na afisa alikuwa anamsomea maneno. Alipofika kwenye sentensi isemayo kwamba jina halisi la mwanamke huyo halijui, aliinua kalamu.

"Andika," afisa alisema. "Silijui."

"Nikiandika hivyo..."

"Unalijua?"

"Silijui."

"Basi andika."

Mwanamume aliyekuwa kwenye foleni nyuma aliuliza kwa utani kama kweli mtu anaweza kulala na mke mwaka mzima na zaidi asijue anaitwa nani, na watu wawili watatu wakacheka. Dai aliandika. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino mwekundu, akakibonyeza kwenye jina lake, kwenye tarehe, na kwenye neno silijui, kama alivyoelekezwa.

"Na kitabu cha mtoto?" aliuliza.

"Hiyo polisi. Watarekebisha."

"Watarekebisha waandike nini?"

"Watajua wenyewe," afisa alisema, akamwita anayefuata.

Walipotoka nje Caiyu alitaka kumwambia neno. Dai alikuwa ameshavuka barabara, anatembea upesi, ule mkono wenye wino akiwa ameuweka mbali na koti ili usilichafue.

*

Ndoa ilifutwa baada ya siku kumi na sita. Caiyu na Qingshui waliandikishwa mwezi uliofuata, na Mama Su akagawa peremende mtaa mzima akisema kompyuta ya serikali ilikuwa imekosea. Mayai mawili yalirudi asubuhi bila mtu kusema lolote. Caiyu aliyala.

Lakini alikuwa amebadilika, na nyumba nzima iliona. Kitambulisho alikishona kwenye mfuko wa ndani wa fulana. Kliniki, nesi alipotaka kwenda nacho chumba cha pili, Caiyu alimfuata mpaka mlangoni na kusimama pale mpaka kikarudi. Binamu yake Qingshui alipoomba aazimwe jina lake kusajili laini ya simu, kwa wiki moja tu, alikataa mbele ya wageni.

"Umekuwa mgumu kama benki," Mama Su alimwambia. "Ni ndugu."

"Hata wakala alikuwa wa kijijini kwetu, mama."

Ujumbe wa sauti wa Dai Changgui uliingia mwezi wa pili, mchana, wakati Caiyu na Mama Su wanashona. Namba alikuwa ameipata kwenye zile karatasi za ofisini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mahali penye upepo. Alisema polisi wamekwisha kulifuta jina kwenye kitabu, hilo halina maneno. Ila shuleni kuna fomu ya muhula mpya, na mwalimu anataka sehemu ya mama ijazwe. Alikuwa anaomba aandike Nong Caiyu kwenye fomu hiyo tu, ya shule, si ya serikali, haitakwenda popote. Mtoto amezoea kuliandika. Kama haiwezekani, pia si neno.

Mama Su aliweka mwavuli chini. "Mfungie huyo asikupate tena."

Caiyu aliusikiliza ujumbe mara mbili. Tumbo lilikuwa kubwa sasa, na ilimbidi ainyooshe mikono ili kulifikia gunia la vyuma. Alifikiria fomu hiyo kwenye meza ya mwalimu, kisha kabatini, kisha mikononi mwa mtu asiyemjua anayesafisha kabati. Aliandika maneno mawili, "Usiandike, kaka," akayatuma. Akakaa. Baadaye aliongeza, "Samahani." Dai hakujibu.

Siku ya nne simu iliita, namba ile ile. Aliipokea akijua atakachosema, amekipanga kichwani.

"Shangazi," sauti ya mtoto ilisema. "Ni mimi, Manli. Baba hajui nimepiga."

"Eeh."

"Nilitaka kukwambia sijaliandika. Mwalimu amesema kama hakuna, niache wazi. Nimeacha wazi."

Caiyu aliikaza simu sikioni. Nyuma ya sauti ya mtoto kulikuwa na kelele za watoto wengine, kengele, mtu anaita jina. Manli alingoja kidogo, labda alikuwa amefundishwa kwamba mkubwa ndiye anayemaliza mazungumzo. Kisha akasema haya, shangazi, darasa linaanza, na simu ikakatika.

Mama Su aliuliza bila kuinua macho kwenye sindano. "Nani?"

"Wamekosea namba," Caiyu alisema, akavuta mwavuli mwingine.